Mnyororo wa Njia ya Juu

Kijana alikuwa ameshakiri, na hicho ndicho kilichomkera Inspekta tangu asubuhi.

"Mtu anayekiri kabla hajaulizwa, ama ana wazimu ama ana mwenzake," alimwambia Koplo. Walikuwa wamesimama kwenye njia panda juu ya ziwa, manyunyu yakiwalowanisha mabega. "Huyu wetu wazimu hana."

"Huenda ana dhamiri, Afande."

"Dhamiri huja siku ya pili. Huyu alikiri tope la kubebea maiti halijamkauka mikononi."

Koplo akajifanya anatazama ziwa. Hapakuwa na cha kutazama. Watu walifunga safari kutoka mbali kuja kuona maji yale, wakalala kwenye hoteli ya mbao iliyojengwa kilimani, wakaamka alfajiri na darubini zao kutafuta ndege kama furukombe na yangeyange. Leo ziwa lilikuwa limejifunika ukungu hadi puani. Miti iliyokufa ilisimama ndani ya maji, maana ziwa lilikuwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza ufuko wake wa zamani, na juu ya matawi yake ndege mnandi walikaa wameinamisha vichwa kama watu waliofiwa.

Aliyefiwa hasa alikuwa hotelini. Mumewe, daktari wa meno, alikuja kupumzika pamoja naye na kaka wa mkewe huyo. Jana asubuhi daktari alitoka peke yake kwenda kutazama ndege. Hilo halikuwa kosa. Katika hifadhi ile mgeni aliruhusiwa kutembea bila mwongozaji mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kwa sharti moja tu: palipo na mnyororo usipite, pasipo na mnyororo twende. Na hapa kwenye njia panda mnyororo ulikuwa mmoja, nguzo jozi mbili. Njia ya juu ilikata mawe ya kilima. Njia ya chini ilipita kandokando ya matete. Siku isiyo na jua viboko hawarudi majini mapema, hubaki wakila majani hadi juu ya njia ya chini, kwa hiyo siku hiyo mnyororo kazi yake ni kuifunga njia ya chini.

Jana hapakuwa na jua. Mnyororo ulikutwa umefunga njia ya juu. Daktari alitii, akashuka, akakutana na kiboko jike mwenye mtoto. Kutii ndiko kulikomuua.

Mwongozaji wa zamu ndiye aliyesikia ukelele, ndiye aliyeuokota mwili, na ndiye aliyesema mbele ya kila mtu: "Ni mimi. Niliuweka mnyororo mahali sipo."

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Mama Kwanza," akasema, maana hilo ndilo jina alilobandikwa kituoni kwa tabia yake ya kuanza kila jambo na neno kwanza. "Faili liwe mezani kwangu leo jioni. Kesho kijana anapanda mahakamani. Kuua bila kukusudia."

"Kwanza, bwana mkuu..."

"Hakuna kwanza. Mtu amekiri. Wewe unataka akiri kwa kuimba?"

Simu ikakatwa. Inspekta akairudisha mfukoni, akachuchumaa mbele ya mnyororo. Koplo, na kwa hilo alistahili sifa, alikuwa ameweka mlinzi tangu jana ili usiguswe. Kulabu ilikuwa imetiwa kwenye pete ya nguzo mara moja tu, imenyooka, na mnyororo umelegea katikati kama kamba ya kuruka ya watoto. Kazi safi ya mtu asiye na papara.

"Kwanza," akasema, "twende tukaone minyororo mingine."

Walishuka hadi gatini, kisha wakazunguka hadi geti la nyuma la hoteli. Kote ilikuwa hadithi moja: mnyororo umezungushwa mara mbili kwenye nguzo, kulabu imegeuzwa kwa chini, na juu yake umekazwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ilimchukua Koplo kucha mbili na matusi kadhaa kuufungua mmoja.

"Hii ni benki au ni hifadhi?" akauliza.

* * *

Jibu walilipata kwa mama wa tiketi, mwanamke mnene mwenye sweta mbili na domo lisilo na kizibo, aliyekaa kwenye kibanda chake langoni akipasha moto mikono juu ya kikombe.

"Ni hawa nyani, Afande," alisema. "Usiwaone vile, wana akili kuliko mhasibu wetu. Kiangazi kilichopita wakajifunza kufungua kulabu. Wanafungua, wanabembea, mwisho wanautupa mnyororo kichakani. Wageni wanapita kila mahali kama mbuzi waliokata kamba. Basi waongozaji wakabuni hiyo. Zungusha mara mbili, kulabu chini, kaza na mpira. Nyani akifika anaangalia, anakuna kichwa, anaenda zake."

"Na wote wanafunga hivyo?"

"Wote. Atakayesahau anakatwa mshahara wa siku. Mpaka imekuwa ugonjwa. Mimi mwenyewe jana nimejikuta nazungusha mara mbili kamba ya kuanikia nguo."

Koplo akaona upenyo. "Sasa mama, si inawezekana nyani wameutoa mnyororo njia ya chini wakaupeleka juu?"

Mama wa tiketi alimtazama kwa huruma. "Nyani anafungua, baba. Hafungi. Ukimkuta nyani anayefunga, mletee sare aanze kazi."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama dirisha la kibanda. Kioo cha chini kilivunjika zamani, na mahali pake walikuwa wameziba kwa kibao cha mbao chenye rangi iliyobabuka. Aliinamisha shingo ili ayasome maandishi, maana kibao kilikuwa kimepigiliwa miguu juu: SIKU ZA MVUA NA MAWINGU NJIA YA JUU HAIPITIKI. MAWE YANAPOROMOKA. TUMIA NJIA YA CHINI.

"Hiki nini?"

"Ah, hicho cha enzi hizo. Kabla hawajajenga ukuta wa kuzuia mawe kule juu. Na viboko walikuwa ng'ambo wakati huo, maji hayajapanda. Sasa mambo yamegeuka. Juu salama, chini hatari."

"Nani wa enzi hizo bado yuko kazini?"

"Hakuna. Walishastaafu, wengine wametangulia." Mama wa tiketi akaanza kupanga vitabu vya tiketi vilivyokuwa vimepangika tayari. Domo lilikuwa limepata kizibo. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akiba, hakulisukuma.

* * *

Hotelini walimkuta shemeji wa marehemu sebuleni, mbele ya meko ambayo hakuna aliyejisumbua kuiwasha. Alikuwa kijana mtanashati ambaye siku mbili zile zilimpokonya utanashati wote. Wahudumu walikuwa wameshamwambia Koplo kwamba juzi usiku yeye na daktari walizozana mezani mpaka wageni wengine wakahama. Naye katika maelezo yake ya jana alisema asubuhi ile alikuwa kitandani.

"Kwanza," Inspekta akasema, "naomba viatu vyako."

"Viatu?"

"Vile vya kutembelea."

Vililetwa. Soli zilikuwa zimeganda udongo mwekundu. Inspekta alivigeuza, akaviweka juu ya meza katikati yao.

"Njia ya chini ina tope jeusi," akasema. "Wekundu huu uko kilimani tu. Ulikuwa njia ya juu, iliyokuwa na mnyororo. Nani aliuweka?"

Koplo akasogea karibu na mlango. Uso wa yule kijana ukapauka.

"Sikuuweka, Afande. Niliukuta. Niliuruka."

"Saa ngapi?"

"Kulikuwa kunapambazuka. Huku chini hakuna mtandao, mpaka upande kule kwenye mawe. Kuna mtu nilitaka kuongea naye." Akavitazama viatu vyake. "Kuna mwanamke. Nyumbani hawamtaki. Shemeji ndiye aliyekuwa hamtaki kupita wote, na ndilo tulilogombea. Nikasema nitampigia kabla hawajaamka."

"Mnyororo ulifungwaje?"

"Ulifungwa tu. Ulining'inia. Nikaruka."

"Haukuzungushwa kwenye nguzo? Haukuwa na mpira?"

"Hapana. Ungekuwa hivyo ningeukumbuka, niliushika nisianguke."

Inspekta akaitikia kwa kichwa polepole. Basi mnyororo ulishahamishwa kabla ya watu kuamka, na aliyeuhamisha alitumia kulabu kwa namna ambayo hapa hakuna mfanyakazi aliyeitumia tangu kiangazi. Angeweza kuishia hapo, lakini shemeji hakuwa amemaliza.

"Nilimwona shemeji," akasema. "Nikiwa juu. Alitokea kwenye njia panda, akaniona, akanipungia mkono. Nikajua ananiita anigombeze tena. Nikampa mgongo." Akafunika macho kwa viganja. "Yeye akashika njia ya chini."

Nyuma yao mtu alikohoa. Mjane alikuwa amesimama kwenye ngazi, shali nyeusi begani, macho makavu. Haikujulikana amesikia kiasi gani.

"Afande," akasema, "wenzangu wanataka nisafirishe mwili leo. Nimekataa. Nitamzika mume wangu nikishamjua wa kumlaumu. Ni yule mwongozaji?"

"Bado natafuta, mama."

"Mkuu wako ameniambia tayari amepatikana."

"Mkuu wangu ana haraka."

"Mimi sina," mjane akasema, akapanda ngazi kurudi chumbani kwake.

Njiani kuelekea kituoni Koplo, aliyekuwa anaendesha gari, alishindwa kujizuia.

"Huyu shemeji simwamini. Wamegombana, amedanganya, alikuwepo. Bado nini?"

"Bado kichwa," Inspekta akasema. "Mgeni wa siku mbili atajuaje kwamba siku ya mawingu viboko wanabaki njiani? Na kama anataka kuua, atasimama juu ya jiwe apungiwe mkono? Huyo kosa lake ni kununa. Sheria haina kifungu cha kununa."

* * *

Mwongozaji aliletwa kutoka mahabusu akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sura ya mtu aliyezoea kuongea na wageni kwa upole. Mkononi, kama bangili, alikuwa bado amevaa kanda mbili tatu za mpira mweusi. Askari waliompekua hawakuona sababu ya kuzivua.

Inspekta aliuweka mnyororo mezani, ukalia kama vyombo.

"Mguu huu wa meza ndio nguzo. Nionyeshe ulivyofunga jana."

Kijana aliutazama mnyororo. Akauchukua. Mikono ikaenda yenyewe: mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, kulabu ikageuka chini, kidole kikaifuata bangili ya mpira. Hapo akashtuka. Akafungua yote haraka, akatia kulabu mara moja, akarudi nyuma.

"Hivyo," akasema.

"Mbona ulianza vingine?"

"Nimechanganyikiwa tu, Afande. Jana nilifunga hivi. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi kabla ya mapambazuko?"

Kijana akazizungusha kanda za mpira mkononi.

"Unaishi na nani?"

"Na baba."

"Jana asubuhi alikuwa wapi?"

"Amelala. Ni mgonjwa, hatoki."

"Na leo, wewe ukiwa huku, nani anamwangalia?"

"Mama wa tiketi anampitia." Kisha, kabla hajajizuia: "Afande, umemwona? Amekumbuka kufunga mlango?"

Koplo aliyekuwa anaandika akainua kalamu. Inspekta hakuuliza swali jingine. Aliukunja mnyororo, akautia kwenye mfuko, akatoka, na kijana akaanza kupiga kelele nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Nimeshakiri, Afande! Nimeshasaini! Mnataka nini tena?"

* * *

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa mstari mmoja nyuma ya lango, mabati ya kutu na kuta zenye ukungu wa unyevu. Ya mwisho ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho: komeo nje ya mlango. Lilikuwa jipya, skrubu zake bado zinang'aa. Mbao za mlango kwa ndani, kama Inspekta alivyoona baada ya kulisukuma komeo, zilikuwa zimechubuliwa kwa kucha.

"Karibuni, karibuni," sauti ikasema. "Mmechelewa kidogo, lakini ziwa halikimbii."

Mzee alikuwa amekaa kitandani, amevaa sare ya uongozaji ya mtindo wa zamani, imepigwa pasi mpaka imekatika mikunjo. Buti zake zilikuwa na tope. Alisimama, akawapa mkono, akawatazama viatu kama anavyofanya kila mwongozaji kabla ya safari.

"Huyu viatu vyake vinateleza," akasema akimwonyesha Koplo. "Atatembea katikati. Mama, wewe utakuwa nyuma yangu. Tukikuta mnyama, hakuna kukimbia mpaka niseme. Tukikuta mnyororo, hakuna kuruka. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Baba." Inspekta akakaa kwenye kigoda. "Leo tunapita njia gani?"

Mzee akaenda dirishani, akatazama mawingu kwa muda mrefu, kwa makini ya fundi.

"Ya chini. Juu kuna mawe siku kama hizi. Mwaka jana mgeni alivunjika mguu, nilimbeba mgongoni mpaka langoni."

"Na mnyororo umeshafungwa?"

"Nimefunga mwenyewe asubuhi." Akageuka, uso umekunjamana kwa hasira. "Unajua nimekuta nini? Mjinga mmoja ameufunga njia ya chini! Siku ya mawingu! Tena ameuzungusha na kuukaza kwa mpira kama anafunga mbuzi wa kuuza. Watu wangepita juu wakaangukiwa na mawe. Nimehangaika nao mpaka kucha zimeniuma, lakini nimeuhamisha."

Inspekta alitoa mnyororo kwenye mfuko. "Nisaidie, Baba. Mimi sijui kuufunga."

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Akautia kulabu kwenye pete ya kitanda, mara moja, akauacha ulegee katikati, akaupapasa.

"Hivi. Usizungushe kamwe. Mtu akija anakimbia mnyama atafungua saa ngapi? Nimewafundisha wote hivi. Hata mwanangu nitamfundisha akitoka shule. Mbona leo amechelewa?"

Koplo alitoka nje, akasimama kwenye manyunyu akiwapa kisogo. Inspekta alibaki pale kwenye kigoda. Huruma ilimwingia, naye akaichukia, maana ilikuja kabla hajamaliza kazi. Mzee huyu alikuwa ameamka kabla ya watu, akavaa sare yake, akatembea gizani kwenda kuwaokoa wageni. Na aliwaokoa, kwa jinsi alivyojua yeye.

"Vaa kofia yako, Baba," akasema. "Tunakwenda kwa mwanao."

* * *

Mkuu wa kituo alisikiliza habari yote amesimama. Alipomaliza kuisikia alikaa, akavua miwani, na haraka yote ikamwisha.

"Sasa namshtaki nani?" akauliza.

"Daktari wa akili atampima mzee, aandike alivyomwona. Sheria inajua la kufanya na mtu ambaye akili imemtoka. Kijana hana kesi."

"Kijana mwenyewe anasemaje?"

Kijana alikuwa pale pale chumbani, amefunguliwa pingu, amekaa ubavuni kwa baba yake kwenye benchi la mashahidi. Mzee alikuwa anachungulia chati iliyobandikwa ukutani kama ramani ya hifadhi.

"Ninasema vilevile," kijana akajibu. "Ni mimi. Nilipouona ule mnyororo juu nilijua ni mkono wa nani. Miezi yote hii ninamfungia kwa komeo nikienda zamu. Juzi usiku alinililia. Aliniambia, wewe nani unayenifungia kama mbuzi, mimi nimekukosea nini? Nikamwambia basi, Baba, kesho sifungi." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Sikufunga. Siku moja tu, Afande. Kwa hiyo sikudanganya kosa ni la nani; nilitaja mnyororo badala ya mlango tu."

"Na wenzako kazini walijua?"

"Walijua anaumwa. Walinisitiri. Ingejulikana tungehamishwa, na huyu akitolewa hifadhini hatafika wiki. Hajui mahali pengine."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema lolote kuhusu uchungu wa mzazi moyoni mwa mwana, labda kwa kuwa walitarajia hautamzidi mtu. Inspekta alilichukua faili, akakata mstari juu ya neno mshtakiwa, na hakujua aandike nini mahali pake.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mjane aliingia, shali imelowa, kaka yake nyuma yake. Koplo alikuwa ametumwa kuwaita, na kwa sura yake alikuwa ameshawaeleza njiani.

Mjane hakumtazama kijana. Alimtazama mzee, kuanzia kofia hadi buti zenye tope.

"Ni huyu?"

Kijana akainamisha kichwa. Kwa mzee, hata hivyo, mambo yalikuwa wazi: jioni ilikuwa inaingia na wageni wamerudi. Akasimama wima, akavua kofia.

"Karibu, mama. Poleni na baridi. Mmerudi wote?"

"Baba, kaa," kijana akanong'ona.

"Niache, naongea na wageni. Hatufungi geti mpaka nijue." Akamgeukia tena mjane, kwa upole uleule. "Mmerudi wote, mama?"

Inspekta alifungua mdomo amjibie. Angesema ndiyo, na mzee angekaa, na jambo lingekwisha. Lakini mjane alitangulia.

"Hapana," akasema. "Mmoja hajarudi."

Mzee akarudisha kofia kichwani. Mgongo ukanyooka, na kwa dakika ile mtu asiyemjua asingesema ana ugonjwa wowote.

"Alipita njia gani?"

"Ya chini."

"Amevaa nini?"

Mjane akaivuta shali begani. "Sweta la bluu. Nililifuma mimi."

"Vizuri. Bluu inaonekana mbali, hata ukungu ukiwepo." Akatazama huku na huku akitafuta tochi ambayo haikuwepo. "Mbona mmekaa? Kuna mtu nje, na giza linaingia!"

Akaelekea mlangoni. Kijana akaruka, akamkumbatia kiunoni kwa nyuma, na mzee akapigana naye kwa nguvu ambazo hakuna aliyemdhania kuwa nazo.

"Niache! Ni mgeni wangu! Niache, nasema!"

"Baba, tafadhali. Baba."

"Mwachie," mjane akasema.

Machozi yalikuwa yamemtoka hatimaye, na hakuyafuta. Kijana alimtazama, kisha akamtazama Inspekta, kisha mikono yake ikalegea. Mzee akajinyoosha sare, akamkabidhi mjane kiwiko chake kama wafanyavyo waongozaji kwenye mteremko, naye akakishika.

"Tembea nyuma yangu, mama," akasema. "Utelezi."

Wakatoka. Inspekta hakumwambia mtu awazuie. Kijana alichukua koti la mvua la Koplo kwenye msumari, bila kuomba, akawafuata.